Vidonge vya akiba



Juma lililopita tulikuwa Buzebazeba, Kigoma, nyumbani kwa shangazi yetu, mwanamke aliyelea watoto saba na sasa analea wajukuu. Baada ya shikamoo na habari za safari tulimkuta mjukuu wake wa kiume, mwenye umri wa miaka saba, amelazwa mkekani, mwili unamchemka na macho yamelegea. Tulipomaliza swala ya Alasiri shangazi aliinuka, akafungua kabati, akatoa kopo la zamani la maziwa ya unga. Ndani yake mlikuwa na vipande vya pakiti za dawa ya mseto zilizokatwa kwa mkasi: hapa vidonge vinne, hapa sita, hapa vitatu vya mwaka ambao hata yeye hakuukumbuka.

"Hii ni akiba yangu, wanangu," alisema. "Kaka yake alipougua mwezi wa Shaaban nilimpa siku ya kwanza na asubuhi ya pili. Ilipofika jioni alikuwa uwanjani anacheza mpira. Nikaona kumpa dawa mtoto mzima ni israfu."

Tulinyamaza. Neno hilo ni zito, na aliyelitamka ni mtu asiyemwaga hata maji ya kuoshea mchele kabla ya kuyapeleka kwenye mchicha. Katika mambo yote ya nyumba ile, kuweka akiba ndiko kulikowasomesha watoto. Kumwambia papo hapo kwamba katika jambo hili moja akiba ni hasara kungekuwa utovu wa adabu, tena bila hoja. Tulichoweza kufanya ni kumwomba tumpeleke mtoto zahanati akapimwe kwanza, naye, alhamdulillah, akakubali. Haya tunayoyaandika leo ni majibu ambayo hatukuweza kuyatoa pale mkekani, kwa sababu njia yake ni ndefu: inapita katika maabara za China, Ufaransa na Ujerumani, na katika moja ya maabara hizo habari ilianza na kimelea kilichotoka katika nchi yetu wenyewe.

Tuanze na kimelea chenyewe. Mbu jike wa jamii ya Anofelesi anapouma huacha mwilini vijidudu vichache sana. Hivyo huenda kwanza kwenye ini na kukaa huko kama wiki moja, mtu asihisi lolote, kisha hutoka kwa maelfu na kuingia ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe nyekundu ni kama kifuko kilichojazwa protini moja, himoglobini, ambayo ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Kwetu ni uhai. Kwa kimelea ni ghala la chakula. Kinakaa humo kwa muda wa saa 48 hivi, kikila himoglobini na kukua na kujigawa, mpaka chembe inapasuka na kutoa vimelea vipya kati ya 16 na 32, na kila kimoja kinatafuta chembe yake. Ile homa ya kutetemeka inayomshika mgonjwa ndiyo saa ya kupasuka huko.

Lakini chakula hicho kina miiba. Katika himoglobini mna kiungo chenye madini ya chuma kiitwacho hemu. Kimelea kinapotafuna protini, hemu hubaki, kama mtu alaye mgebuka anavyobakiwa na mifupa sahanini. Hemu iliyo huru ni sumu kwa kimelea, nacho hakina pa kuitupa. Hivyo huifungasha ikawa fuwele ndogo nyeusi, ambazo mtaalamu wa maabara huziona kwa hadubini. Katika kipengele hiki kidogo, yaani namna kimelea kinavyokula na namna kinavyoficha mabaki yake, ndimo zilimolala karibu dawa zote kubwa za malaria tulizozitumia.

Kwinini ndiyo ya kale. Livingstone alipofika Ujiji mwaka 1869 alikuwa hoi, sanduku lake la dawa likiwa limeibwa miaka miwili kabla, na wakazi wa Ujiji ndio waliompokea. Baadaye ikaja klorokwini. Wasomaji wa umri wetu hawajausahau uchungu wake, wala ule muwasho uliomkesha mtu akijikuna usiku kucha. Klorokwini ilikizuia kimelea kufungasha hemu, kikafa kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Ilikuwa rahisi, ilikuwa kila duka, na iliokoa watu wengi mno. Kisha, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, vikaonekana Afrika Mashariki vimelea visivyoijali. Maabara zilikuja kueleza sababu miaka mingi baadaye: protini moja katika ukuta wa tumbo la kimelea ilikuwa imebadilika kidogo, ikawa inaisukuma klorokwini nje kabla haijafanya kazi. Maelezo yalikuja yamechelewa. Katika miaka hiyo ya katikati walizikwa watoto wengi waliokuwa wamekwisha kunywa dawa. Tanzania iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikachukua SP. SP nayo haikudumu, na mwishoni mwa mwaka 2006 ikaanza kuingia dawa ya mseto tunayoijua leo, ALu, yenye artemeta na lumefantrini.

Artemeta ni mtoto wa artemisinini, na artemisinini ilipatikana China mwaka 1972 na Bibi Tu Youyou na wenzake, kutoka katika mmea wa jamii ya pakanga. Walikuwa wameuchemsha mmea huo mara nyingi bila mafanikio ya kutegemewa. Bibi Tu alirejea kitabu cha tiba cha karne ya nne kilichotaja kuloweka majani katika maji na kuyakamua, pasipo kuyachemsha, akatambua kwamba huenda moto ndio unaoiharibu dawa. Akaitoa kwa etha, kwa joto dogo, ikafanya kazi. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Nobel.

Namna dawa hii inavyoua inastahili kuelezwa taratibu, kwa kuwa ndipo lilipo jibu la kopo la shangazi. Ndani ya molekyuli ya artemisinini mna daraja dogo la oksijeni mbili zilizoshikana. Daraja hilo limetulia tu, halimdhuru mtu, mpaka likutane na chuma cha hemu. Hapo huvunjika, na mabaki yake huunguza protini za kimelea kila upande. Dawa ni njiti. Hemu ndiyo ubavu wa kiberiti. Kadiri kimelea kinavyokula himoglobini kwa pupa ndivyo kinavyoachilia hemu nyingi, na ndivyo kinavyojiwashia moto. Chembe nyekundu ambayo haina kimelea haina hemu iliyoachiliwa, nayo husalimika. Ni mara chache kupata dawa inayomtambua mwizi kwa kile alichokiiba.

Sasa twende Ufaransa. Tangu mwaka 1976, William Trager na James Jensen walipofanikiwa Marekani kukikuza kimelea cha malaria ndani ya chombo kwa kukilisha damu ya binadamu, maabara nyingi duniani zimekuwa zikifuga koo za vimelea kama watu wanavyofuga kuku. Ukoo mmoja uliofugwa hivyo uliitwa F32-Tanzania, kwa kuwa asili yake ni hapa. Wataalamu wa mji wa Toulouse waliugawa ukoo huo mafungu mawili. Fungu la kwanza lilikuzwa bila dawa. Fungu la pili lilipewa artemisinini kwa kiasi kidogo: vimelea vingi vikafa, vichache vikasalia. Vilivyosalia viliachwa vipate nafuu na kuzaana, kisha vikapewa dawa tena, safari hii kwa kiasi kilichozidi kidogo. Vikafa vingi, vikasalia vichache, vikapumzishwa. Walirudia hivyo mara 125, kwa muda wa miaka mitano.

Tunawaomba wasomaji waisome tena sentensi hizo chache, kisha walifikirie lile kopo la maziwa.

Baada ya miaka mitano fungu la pili lilikuwa linastahimili dawa ambayo ndugu zake walikufa nayo. Wataalamu, wakishirikiana na wenzao wa Taasisi ya Pasteur nchini Kambodia, wakasoma jeni za mafungu yote mawili na kuyalinganisha. Kimelea hiki kina jeni zaidi ya elfu tano. Zilizokuwa zimebadilika zilikuwa chache zinazohesabika kwa vidole. Moja kati ya hizo iliitwa K13. Walipoikagua jeni hiyo hiyo katika damu ya wagonjwa wa Kambodia, ambako dawa ilikuwa imeanza kuchelewa kuwaponya watu tangu miaka ya 2000, wakaikuta nako imebadilika, ingawa katika nafasi nyingine. Habari hiyo ilichapishwa katika jarida la Nature mwanzoni mwa mwaka 2014. Tangu hapo dunia nzima inafuatilia usugu wa malaria kwa kuisoma K13, na mlango huo ulifunguliwa kwa kimelea chenye jina la Tanzania.

Lakini K13 inafanya kazi gani? Hilo lilibaki fumbo kwa miaka mingine sita. Mwaka 2020 maabara ya Tobias Spielmann, katika Taasisi ya Bernhard Nocht mjini Hamburg, ilieleza kwamba K13, pamoja na protini nyingine zinazoshirikiana nayo, hukisaidia kimelea kumeza himoglobini. Ni sehemu ya mdomo wake, tukisema kwa lugha ya nyumbani. Jeni ikibadilika, protini hiyo hupungua. Ikipungua, kimelea kichanga, kile kilichoingia tu ndani ya chembe, hula kidogo. Kikila kidogo, hemu huwa haba. Na hemu ikiwa haba, njiti haina pa kukwangulia. Artemeta nayo haikai katika damu. Baada ya saa chache imekwisha. Kimelea kilichopunguza kula kinasubiri ipite, kisha kinarudi mezani.

Tumewasikia vijana wakilieleza jambo hili kwa kusema kwamba kimelea "kinafunga". Hatuupendi usemi huo. Saumu ni ibada. Huyu ni mwizi aliyejificha chini ya uvungu mpaka askari wa zamu wapite.

Kujificha huko kuna gharama. Katika maabara, vimelea vingi vya namna hii hukua polepole kuliko wenzao, kwa kuwa wana njaa. Wakiwekwa pamoja na wazima pasipo dawa, mara nyingi wazima ndio wanaowashinda. Kinachowapa nafasi ni dawa inayowaua wenzao na kuwaachia uwanja.

Na sasa wako kwetu. Mwaka 2020 watafiti walitangaza badiliko la K13 katika nafasi ya 561 nchini Rwanda. Mwaka 2021 mabadiliko mengine yakaripotiwa kaskazini mwa Uganda. Mwaka huo huo wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, walikusanya matone ya damu katika mikoa 13 ya Tanzania Bara. Tone la damu lililotoka kwenye ncha ya kidole hukaushwa juu ya kipande cha karatasi, na karatasi hiyo ndiyo inayosafiri mpaka maabara kusomwa jeni za vimelea vilivyomo. Mkoa wa Kagera ndio uliotoa habari: lile badiliko la Rwanda lilikuwamo, na katika wilaya ya Karagwe lilionekana katika zaidi ya sampuli moja kati ya kila tano. Mwaka 2022 Dk. Deus Ishengoma wa NIMR na wenzake waliwafuatilia watoto wagonjwa huko huko Karagwe. Waliona kwamba siku ya tatu ya dawa baadhi yao walikuwa bado na vimelea katika damu, wakati dawa ilipokuwa na nguvu zake kamili wengi wangekuwa wamekwisha safika. Hata hivyo walipona. Zaidi ya watoto tisa katika kila kumi, dawa ya mseto iliwamalizia ugonjwa.

Kwa hiyo hatujafika mahali ilipofika klorokwini. Msomaji asiogope dawa iliyoko hospitali. Bado ni nzuri, bado inaponya. Lakini Kagera inapakana na Kigoma upande wa kaskazini, na mbu haulizi mpaka wa mkoa. Wala abiria wa basi anayesafiri na vimelea katika damu yake hajui kama anavyo.

Kwa nini watoto wa Karagwe walipona ilhali nusu ya dawa inaanza kushindwa? Kwa sababu ya ile nusu ya pili, na hapa ndipo tunaporudi Buzebazeba. Neno mseto halikuwekwa kwa urembo. Artemeta ni ya haraka: inafyeka vimelea vingi kwa saa chache kisha inaondoka. Lumefantrini ni ya polepole, lakini hubaki katika damu kwa siku kadhaa na kuwamalizia waliosalia. Wataalamu wanakadiria kwamba dawa za jamii ya artemisinini, zikifanya kazi sawasawa, hupunguza vimelea kwa mara 10,000 hivi katika kila mzunguko wa saa 48. Ni nguvu kubwa mno. Lakini mgonjwa anaweza kuwa na vimelea bilioni 10 katika damu yake. Gawanya bilioni 10 kwa 10,000: baada ya saa 48 za dawa kamili anabaki na vimelea milioni moja. Yule kaka aliyekuwa akicheza mpira jioni ya siku ya pili hakuwa amepona. Alikuwa amepata nafuu, na nafuu hiyo ilikuwa ya kweli, homa imeshuka na njaa imerudi. Lakini damuni mwake huenda walikuwamo mamia ya maelfu wanaosubiri. Na waliosubiri hawakuwa vimelea wowote tu, bali wale waliostahimili kuliko wenzao. Kuwaachia hao bila lumefantrini ya kutosha ndiko kuwapumzisha, kama walivyopumzishwa kule Toulouse, isipokuwa huku wanaye mbu wa kuwapeleka kwa mtoto wa jirani.

Tuseme na haki. Usugu wa Kagera haukuzaliwa katika kabati la shangazi. Unachochewa na mambo mengi: dawa duni au bandia, dawa za artemisinini zinazotumiwa peke yake bila mwenzake, na wingi tu wa dawa inayotumika kila siku katika nchi zenye malaria nyingi, hata pale inapotumika vizuri. Na katika mtaa mmoja ambao hatutautaja tuliwahi kuuziwa sisi wenyewe nusu ya pakiti na muuza duka aliyesema, kwa sauti ya huruma, kwamba hiyo "itamtosha mtoto". Tulichukua, kwa kuwa fedha zilikuwa pungufu siku ile. Hatuna basi sauti ya kumkaripia mtu.

Tuyaseme machache yanayohusu nyumba zetu za Kigoma hasa.

Dozi ya ALu ni mara sita kwa siku tatu: ya pili huja saa nane baada ya ya kwanza, na zinazobaki asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata. Idadi ya vidonge hufuata uzito. Mtoto wa kilo 20 hupewa viwili kila mara, mtu mzima vinne. Lumefantrini haipendi tumbo tupu, wala chai kavu. Ni dawa inayoyeyuka katika mafuta, na mtu akiimeza bila mafuta sehemu kubwa hupita bila kuingia katika damu. Hapa watu wa Kigoma wamejaaliwa, kwa sababu mawese hayakosekani: maharage yaliyoungwa kwa mawese, dagaa waliokaangwa, au kikombe cha maziwa, kimoja katika hivyo chatosha kuipokea dawa. Mtoto akitapika ndani ya nusu saa, dozi hiyo irudiwe, na mzazi arudi zahanati kuomba vidonge vya kufidia.

Ipo pia habari ya Ramadhani. Tunawajua watu wazima, na tunawaheshimu kwa mapenzi yao ya ibada, ambao wakipata malaria ndani ya mwezi mtukufu huihamishia dawa yote futari na daku. Wengine huanza dozi magharibi na kuikosa ile ya saa nane baadaye kwa kuwa wamelala, au humeza ya daku kwa maji matupu kwa kuchelewa adhana. Mgonjwa amepewa ruhusa ya kula, nayo imetajwa wazi katika Suratul Baqara. Siku alizokula atazilipa akipona. Mwenye malaria anahitaji maji, chakula chenye mafuta na dawa kwa saa zake. Aliye na shaka na hali yake amuulize daktari kuhusu ugonjwa na sheikh kuhusu hukumu, na tunadhani katika jambo hili watakubaliana upesi.

Kuhusu chai ya pakanga, tunajua kwamba tutawaudhi baadhi ya wasomaji, maana wengi wanaipanda uani. Mmea ule kweli ndio ulioizaa dawa, na hatumdharau anayethamini tiba ya miti shamba. Bibi Tu mwenyewe alianzia kwenye kitabu cha tiba ya kale. Lakini kiasi cha artemisinini kilichomo katika kikombe hubadilika kwa mmea, kwa udongo na kwa mkono wa mpishi, mara nyingi ni kidogo, na tena iko peke yake bila lumefantrini. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba haliungi mkono kuitumia kwa kutibu malaria au kuikinga. Kimelea kinachopewa artemisinini kidogo kidogo, siku baada ya siku, tumekwisha kuona kinavyofanya.

Na jambo la mwisho ambalo huwasumbua akina mama. Kile kipimo cha haraka cha kijistari hakitafuti kimelea chenyewe. Hutafuta protini ambayo kimelea huimwaga katika damu, na protini hiyo hubaki kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea vyote kufa. Mtoto aliyemaliza dozi, akapimwa baada ya siku kumi na kijistari kikaonekana tena, si lazima dawa iwe imeshindwa. Asipewe dozi nyingine kwa kubahatisha. Apimwe kwa hadubini. Lakini homa ikiendelea baada ya siku tatu za dawa, au mtoto akashindwa kunywa, akatapika kila kitu, akadegedega au akalegea asiamke vizuri, hapo ni hospitali, usiku huo huo.

Sasa turudi kwa mjukuu. Zahanati walimtoboa kidole, wakasubiri robo saa, na kipimo hakikuonyesha malaria. Muuguzi, binti mdogo mwenye subira kubwa, alimuuliza mtoto maswali mawili matatu ambayo sisi wote hatukuwa tumemuuliza, kisha akaomba mkojo. Ulikuwa ugonjwa wa njia ya mkojo, na dawa yake haikuwamo kabisa katika lile kopo. Shangazi alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Basi ningempa zile, na homa ingebaki pale pale."

Njiani kurudi alituuliza afanye nini na akiba yake. Kesho yake asubuhi alivirudisha vidonge vyote zahanati kwa muuguzi yule yule, akihesabu kimoja kimoja mbele yake, vyote 31, kama mtu anayelipa deni. Kopo alirudi nalo. Sasa anatunzia sindano na nyuzi.

Juma lijalo, in shaa Allah, tutajibu barua za wasomaji kuhusu vyandarua na joto la usiku katika nyumba za bati.

Wabillahi tawfiq.